Kitabu nimekinunua, Linux inagoma kukifungua: nifanyeje?

Msomaji mmoja ameniandikia, nami nafupisha barua yake: "Niliachana na Windows miezi mitatu iliyopita, sasa natumia Linux Mint. Wiki jana nilinunua kitabu cha kielektroniki. Faili lililoshuka ni dogo ajabu, mkia wake .acsm, na Calibre, programu ninayopangia na kusomea vitabu, haitaki hata kulisikia. Nina vitabu vyangu vya zamani vya Kindle pia, na maktaba ninayoazima nayo hunipa mafaili ya .acsm hayohayo. Je, nirudishe Windows kwa ajili ya vitabu tu?"

Usirudishe, ndugu yangu. Ila kabla ya kusakinisha chochote, tuelewane jambo moja. Mgomvi wako hapa si Linux. Mgomvi ni kufuli, na makufuli ya vitabu yako ya aina kadhaa. Kila moja lina mwenyewe na lina ufunguo wake. Watu wengi hupoteza siku nzima wakijaribu ufunguo wa Adobe kwenye kufuli la Amazon, kisha wanailaumu Linux. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua umeshika kufuli la nani.

Tuanze na hilo faili lako dogo, maana ndilo linalochanganya watu kuliko yote. Lifungue kwa programu ya kawaida ya maandishi, ile unayoandikia vidokezo vyako. Halitaharibika. Utaona ni XML tupu, yaani maandishi ya kawaida yaliyowekewa lebo: juu kabisa kuna neno fulfillmentToken, chini yake kuna anwani ya seva ya muuzaji, namba ya muamala, tarehe ya kwisha muda iliyoandikwa kwenye expiration, halafu jina la kitabu na la mwandishi. Kitabu chenyewe hakimo. Sura ya kwanza haimo, hata sentensi moja haimo. Ulichopakua ni hati ya kuchukulia mzigo, mfano wa risiti unayopewa dukani uende nayo ghalani. Mwenye ghala ni seva inayotumia mfumo wa Adobe, na anayekubaliwa kuingia na hiyo hati ni programu inayojua itifaki yao, iitwayo ADEPT. Calibre haiijui itifaki hiyo, ndiyo maana inagoma. Haina kosa.

Programu rasmi ya kazi hii ni Adobe Digital Editions. Ipo tangu 2007, ya Windows na ya Mac. Ya Linux haijawahi kutolewa, na mimi nimeshaacha kuisubiri. Adobe hawa ndio waliotuachia Adobe Reader ya Linux ikiwa kwenye toleo la 9.5.5 mwaka 2013, wakafunga mlango. Sasa programu hiyo ikishapeleka hati yako kwenye seva, inaletewa EPUB au PDF halisi ambayo maandishi yake yamefumbwa, na ufunguo wa kuyafumbua umefungwa kwa jina la akaunti yako. Yaani hata ukimpa rafiki faili lile la EPUB, kwake ni takataka, kwa sababu ufunguo unaitambua akaunti yako na si yake.

Kama una EPUB tayari na hujui imefungwa na nani, fungua terminali uandike hivi:

unzip -l kitabu.epub

EPUB si kitu cha ajabu, ni zipu yenye kurasa za wavuti ndani. Angalia kilichomo kwenye folda ya META-INF. Ukikuta rights.xml pamoja na encryption.xml, mara nyingi hilo ni kufuli la Adobe. Ukikuta license.lcpl, hilo ni kufuli la Readium, na una bahati. Nitakueleza kwa nini. Ukikuta sinf.xml, hilo ni la Apple. Ukikuta encryption.xml peke yake, usikate tamaa mapema. Wachapishaji wengi hufumba fonti tu ili zisichomolewe ovyo, na kitabu chenyewe kinabaki wazi. Soma ndani yake: kama mafaili yaliyotajwa ni ya fonti peke yake, kitabu chako hakina kufuli na kitafunguka popote. Nimeshaona watu wakihangaika na Wine, nitakayoieleza hapa chini, kwa kitabu ambacho Foliate, programu ya Linux ya kusomea EPUB, ingekifungua kwa kubofya mara mbili.

PDF nayo ina mtego wake. Kuna PDF yenye nywila ya kawaida. Hiyo Okular na Evince, programu za Linux za kusomea PDF, zinaifungua bila shida, unaandika nywila unasoma. Na kuna PDF ya Adobe yenye kufuli la kweli. Kuzitofautisha, tafuta neno EBX_HANDLER ndani ya faili:

grep -a EBX_HANDLER kitabu.pdf

Likijitokeza, hilo ni ADEPT, na Okular haitakufaa hata ukijua kila nywila duniani.

Sasa turudi kwenye .acsm yako. Njia iliyozoeleka ni kuiendesha Adobe Digital Editions ndani ya Wine, ile programu inayowezesha programu za Windows kufanya kazi kwenye Linux. Kuna msaidizi wake, winetricks, ambaye ana maelekezo yaliyoandaliwa tayari kwa ajili ya Digital Editions. Kwenye Mint sakinisha wine na winetricks kutoka kwenye hazina ya programu, na uhakikishe sehemu ya biti 32 ya Wine imo pia, maana wengi hukwamia hapo. Kisha:

WINEPREFIX=~/.vitabu winetricks adobe_diged4

Hiyo WINEPREFIX si pambo. Inaiambia Wine ijenge chumba kipya kwenye folda iitwayo .vitabu, chumba cha Digital Editions peke yake. Usiichanganye na michezo au programu nyingine za Windows ulizonazo, kwa sababu Digital Editions 4.5 inahitaji .NET, msingi wa Microsoft ambao programu nyingi za Windows huutegemea, na .NET ndani ya Wine ni kama mgeni mwenye masharti: ikishakaa vizuri, usimguse mtu yeyote ndani ya nyumba. Usakinishaji unachukua muda, madirisha yatafunguka na kujifunga, na utadhani kompyuta imeganda. Iache. Ikishindikana kabisa, jaribu adobe_diged bila ile 4 mwishoni. Hilo ni toleo la 1.7, kuukuu, sura yake ya zamani na EPUB 3 haiielewi vizuri, lakini halidai .NET na kwa riwaya ya kawaida linatosha.

Ikifunguka, nenda kwenye menyu ya Help, chagua Authorize Computer. Hapa ndipo nataka utulie, maana kosa la hapa lina gharama. Programu itakupa nafasi ya kuingia kwa akaunti ya Adobe, au kuendelea bila akaunti. Bila akaunti ni haraka na inavutia. Usiichague. Kitabu utakachokipakua kwa njia hiyo kitafungwa kwenye chumba hicho kimoja cha Wine. Chumba kikifa, kitabu nacho kimekufa, na kukihamishia kwenye simu au kisomeo haiwezekani. Tumia akaunti, tena ileile uliyokuwa ukiitumia kwenye Windows kama ulikuwa nayo. Vilevile akaunti moja inaruhusiwa kompyuta sita. Sita ni nyingi kwa mtu mwenye kompyuta moja, lakini kwa fundi wa Linux anayefuta na kujenga upya kila Jumamosi, zinaisha kabla hajashtuka. Kila chumba kipya cha Wine kinahesabiwa ni kompyuta mpya. Mimi mwenyewe zilinitokea hivyo: nilikuwa najaribu matoleo, nafuta, najenga, mpaka programu ikanijibu E_ACT_TOO_MANY_ACTIVATIONS, na nikalazimika kuwaomba huduma kwa wateja wanifutie hesabu. Kwa hiyo ukifanikiwa mara ya kwanza, nakili folda nzima ya .vitabu uiweke mahali salama. Siku ikiharibika, utairudisha jinsi ilivyokuwa badala ya kuanza upya.

Baada ya hapo buruta faili la .acsm ulitupie ndani ya dirisha la Digital Editions. Kama kila kitu kimekaa sawa, mstari wa upakuaji utatokea na kitabu kitafunguka. Faili halisi litakuwa kwenye folda ya My Digital Editions, ndani ya Documents. Wine mara nyingi huiunganisha Documents hiyo na folda yako ya kawaida, kwa hiyo litafute huko kwanza.

Neno moja la tahadhari kuhusu programu hii. Mwaka 2014 iligundulika kwamba toleo la 4 lilikuwa linatuma kwa Adobe taarifa za vitabu na kurasa ulizosoma, tena zikiwa wazi, bila kufumbwa njiani. Walirekebisha kwa kuzifumba. Kutuma ni suala jingine, na kwa mtu aliyehamia Linux kwa ajili ya faragha ni vizuri alijue hili kabla ya kubofya "nakubali".

Kama hutaki Wine nyumbani kwako, na sikulaumu, kuna njia fupi ambayo watu huisahau: usifungulie .acsm kwenye kompyuta kabisa. Visomeo vya PocketBook vinaifungua vyenyewe. Unaingiza akaunti yako ya Adobe kwenye mipangilio, unakiweka kisomeo kwenye Wi-Fi, unanakili .acsm kwa waya kama faili jingine lolote, ukiligusa kinashusha kitabu. Programu ya simu ya PocketBook kwenye Android inafanya kazi hiyohiyo. Kompyuta ya Linux hapo inabaki mchukuzi tu wa faili, na kwa uchukuzi Linux haina mpinzani. Kobo nako, ukinunua kwenye duka lao, kisomeo kinajipakulia chenyewe kwa Wi-Fi, wala .acsm hutaiona. Kichekesho ni kwamba visomeo vya Kobo na vya Kindle vyote ndani vinaendeshwa na Linux. Linux inasoma vitabu vyenye kufuli kila siku. Inayonyimwa ni ile iliyo mezani kwako.

Sasa Kindle. Kwa vitabu vya Amazon, mahali pa kuanzia ni kivinjari. Nenda read.amazon.com, ingia kwa akaunti yako, maktaba yako itajipanga mbele yako. Huduma hiyo ipo tangu 2011 na Firefox inaiweza. Mapungufu yake ni matatu. Inakutaka uwe na intaneti. Kunakili nukuu ni kwa kubanwa. Na baadhi ya vitabu, hasa vyenye picha nyingi au mpangilio maalumu, huweza kukosekana humo au visikae vizuri. Ila kwa riwaya na vitabu vya maelezo inatosha sana, na alama ya ukurasa uliofikia inahamia kwenye simu yenyewe.

Programu ya Kindle ya Windows ndani ya Wine? Nimepoteza jioni zangu humo kiasi cha kutosha kukushauri usipoteze zako. Matoleo ya zamani yalikubali, mapya yanabadilika mara kwa mara, na unaweza kulala inafanya kazi ukaamka imejisasisha na dirisha ni jeusi. Kuna jambo jingine la kujua kama unavithamini vitabu vyako vya zamani: tarehe 26 Februari 2025 Amazon iliondoa ile njia ya kupakua kitabu kwenye kompyuta kisha kukihamisha kwa waya wa USB. Waliokuwa wanaweka akiba ya mafaili yao kwa njia hiyo, mlango huo umefungwa. Vitabu vyako bado unavisoma, lakini kupitia vifaa na programu zao.

Apple Books nitaitaja kwa sentensi mbili. Haina toleo la Linux wala la kivinjari, na kufuli lao halifunguki nje ya vifaa vyao. Kama una vitabu huko, visomee huko, na ununuzi unaofuata ufanye kwingine.

Google Play Books ni rafiki zaidi: unasoma kwenye kivinjari bila masharti mengi, na vitabu vingi unaruhusiwa kuvihamisha nje. Vilivyo wazi vinakuja EPUB au PDF moja kwa moja, vyenye kufuli vinakuja .acsm, nasi tumesharudi pale tulipoanza. Kwa vitabu vya kiada vya chuo vinavyouzwa kupitia VitalSource, tumia Bookshelf ya kivinjari.

Nimefurahi umeitaja maktaba, kwa sababu hapo hali ni nzuri kuliko unavyodhani. Kama maktaba yako inatumia OverDrive, huduma ya kuazimishia vitabu vya kielektroniki, achana na .acsm. Fungua libbyapp.com kwenye kivinjari, ingiza namba ya kadi yako, azima, soma papo hapo. Kitabu kinajirudisha chenyewe siku ikifika. Ile .acsm inakuja pale tu unapochagua kupakua kwa ajili ya Digital Editions, na wengi huichagua kwa mazoea ya Windows.

Maktaba nyingine, hasa za Ulaya na Kanada, zimehamia kwenye kufuli la Readium linaloitwa LCP. Hili ndilo nililosema una bahati ukikutana nalo. Limebuniwa na watu wa programu huria, likapitishwa kuwa waraka wa ISO, na shirika linalolisimamia, EDRLab la Paris, limetengeneza programu ya kusomea iitwayo Thorium Reader. Thorium ipo ya Windows, ya Mac, na ya Linux. Ya Linux kabisa, si ya kupitia Wine. Unaipata kama AppImage au kifurushi cha .deb, ambacho Mint inakielewa moja kwa moja. Hatua zake ni chache: unapakua faili la .lcpl au EPUB iliyokwisha kufungwa, unalifungua kwa Thorium, linakuuliza fungu la maneno, yaani nywila uliyowekeana na duka au maktaba. Unaliandika mara moja, basi. Hakuna akaunti ya kampuni ya tatu, hakuna hesabu ya kompyuta sita mkononi mwa mtu mwingine, na ukishalifungua unasoma hata intaneti ikiwa imekatika. Kama kitabu ni cha kuazima, tarehe ya kurudisha imeandikwa ndani ya leseni, na ikiwa maktaba imeruhusu, unaongeza muda au unakirudisha mapema ukiwa humohumo.

Thorium ina sifa nyingine ambayo sijaiona ikisemwa vya kutosha: inasoma kwa sauti na inaelewana na programu za wasioona. Kufuli la kizamani mara nyingi lilizuia hata hilo, mtu kanunua kitabu kwa fedha yake halafu mashine inakatazwa kumsomea. Hivyo muulize mkutubi wako kama wanatoa LCP. Swali hilo moja laweza kukuokoa na Wine moja kwa moja.

Kuna njia mbili zaidi ambazo mafundi watakutajia. Moja ni mashine pepe: unasakinisha Windows ndani ya VirtualBox au GNOME Boxes, na ndani yake unaweka Digital Editions au Kindle. Inafanya kazi, na ni imara kuliko Wine. Lakini unahitaji leseni ya Windows, unatoa gigabaiti kadhaa za kumbukumbu, na unasubiri Windows iwake na kujisasisha ili usome kurasa kumi kabla ya kulala. Kwa mwanafunzi mwenye vitabu hamsini vya PDF vyenye kufuli gumu la aina ya FileOpen, sawa, hana pa kukimbilia. Kwa riwaya ni kuchinja ng'ombe ili upate ngozi ya kiatu kimoja.

Nyingine ni Waydroid, inayoleta Android ndani ya Linux, ili uweke programu za kusomea za simu. Ni nzuri inapokubali. Ila inataka Wayland, mfumo mpya wa kuonyesha madirisha kwenye skrini, na Mint yako kwa kawaida inatumia ule wa zamani, X11, kwa hiyo itabidi uanze kupindua mambo mengi. Kama una simu ya Android mfukoni, sioni sababu ya kujenga ya pili ndani ya kompyuta.

Najua unasubiri nitaje ile njia nyingine, ya kuling'oa kufuli lenyewe. Zana zipo, sitajifanya sijawahi kuzisikia. Sitakufundisha, na sababu zangu ni hizi. Mkataba wa hakimiliki wa WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la haki miliki, wa 1996 uliyataka mataifa yalinde makufuli ya kiteknolojia kisheria, Marekani ikatunga sheria ya DMCA mwaka 1998, Umoja wa Ulaya ukafuata na agizo lake la 2001, na nchi nyingi zina vifungu vya namna hiyo. Chini ya sheria hizo, kulivunja kufuli kwaweza kuwa kosa hata kama kitabu umekinunua kihalali na hukukusudia kumgawia mtu. Misamaha ipo, kwa mfano kwa ajili ya wasomaji wasioona, lakini ina mipaka yake na inatofautiana nchi kwa nchi. Tena kwa kitabu cha maktaba suala halina hata mjadala: hicho umeazima, na maktaba imekilipia kwa masharti.

Hata hivyo nitasema ninachoamini. Malalamiko ya wanunuzi ni ya haki. Mwaka 2009 Amazon ilifuta kutoka kwenye Kindle za wateja vitabu vya George Orwell vilivyokuwa vimeuzwa na mtu asiye na haki navyo. Fedha zilirudishwa, lakini watu waliamka kitabu hakipo mkononi. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu, na vyote vilivyonunuliwa humo vikaacha kufunguka. Walirudisha fedha pia. Vidokezo ambavyo watu waliviandika pembeni mwa kurasa kwa miaka, fedha haiwezi kuvirudisha. Ndiyo maana mimi ugomvi wangu na kufuli naupeleka dukani, kabla sijalipa.

Kwenye ukurasa wa kitabu, shuka hadi kwenye maelezo ya faili. Kobo huandika pale kama kitabu ni cha Adobe DRM au hakina DRM, na DRM ndilo jina la kitaalamu la kufuli hili. Maduka mengine huficha, na duka likificha, waandikie uwaulize. Wasipojibu, umeshapata jibu. Tor, wachapishaji wa hadithi za kisayansi, waliachana na makufuli mwaka 2012. Leanpub huuza vitabu vya ufundi vikiwa wazi. Kazi za zamani ambazo hakimiliki yake imekwisha ziko Project Gutenberg, iliyoanza 1971, na Standard Ebooks wanazipanga upya kwa ustadi mkubwa. Kuna pia wanaotia alama ya maji badala ya kufuli, yaani namba ya muamala wako inafichwa ndani ya kitabu. Hiyo haikuzuii kusoma popote, bali kitabu kikizagaa mitandaoni itajulikana kilitoka kwa nani. Mimi naliona hilo ni jambo la kiungwana. Vitabu hivi vyote Calibre inavipokea, Foliate inavifungua, na miaka kumi ijayo vitafunguka.

Sasa kitabu chako cha wiki jana. Fungua tena ile .acsm kwa programu ya maandishi uangalie ile expiration. Kama tarehe haijapita, endelea na Wine au na simu leo, usingoje kesho. Kama imepita, utapata E_ADEPT_REQUEST_EXPIRED, na dawa yake ni kurudi kwenye akaunti yako dukani upakue .acsm mpya, maduka mengi huiruhusu tena. Kosa hilohilo hutokea pia saa ya kompyuta ikiwa imekosewa. Waliosakinisha Linux pembeni ya Windows wanaujua ugonjwa huo, kwa sababu mifumo hiyo miwili haielewani juu ya saa ya bodi. Rekebisha saa kwanza, ujaribu tena.

Ukipata E_LIC_ALREADY_FULFILLED_BY_ANOTHER_USER, maana yake hati hiyo ilishatumika kwa akaunti nyingine. Jiulize kama uliwahi kulibofya faili hilo kwenye simu yenye akaunti tofauti, au kwenye kompyuta iliyoidhinishwa bila akaunti. Hapo hata .acsm mpya huweza isisaidie, kwa kuwa muamala ni uleule. Mwandikie muuzaji, mpe namba ya muamala iliyo ndani ya faili, umwombe aifungue upya kwa akaunti yako sahihi. Duka moja lilinizungusha siku tisa kwa jambo hilo, kila siku mhudumu mpya akinitaka nisakinishe Windows. Siku ya kumi nikapata mtu aliyesoma barua yangu hadi mwisho, akabofya kitufe kimoja upande wake, kitabu kikashuka.